Nahodha bila cheti: historia ya kufundisha waongozaji wa maboti katika maji ya Congo

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi ilikuwa inakaribia bandari ya Kituku, mjini Goma, ikitoka Minova. Watu waliokuwa ufukweni wakingojea ndugu zao na mizigo yao waliiona ikilala upande mmoja, kisha ikapinduka mbele ya macho yao. Gavana wa jimbo la Kivu ya Kusini alitangaza kwamba ndani mlikuwa na watu 278 na kwamba 78 walikufa. Wakati ule barabara ya Goma kwenda Minova ilikuwa imekatwa na vita. Mama wa kuuza mboga, mwanafunzi, mgonjwa, wote walikuwa wamebaki na njia moja tu: ziwa.

Miaka mitano mbele yake, katikati ya Aprili 2019, boti nyingine ilizama upande wa Kalehe. Rais Félix Tshisekedi alisema watu wapatao 150 hawajulikani waliko, akafika mwenyewe kufariji familia, akaagiza kila abiria avae jile, yaani koti la kuelea.

Baada ya kila ajali maneno ni yale yale: mzigo ulizidi, jile hazikuwepo, upepo ulikuwa mbaya. Viongozi wanakuja, amri inatoka, wiki zinapita. Swali ambalo halisikiki sana ni la mtu aliyeshika usukani. Nani alimfundisha? Nani alimpima kabla ya kumkabidhi roho za watu? Na siku tajiri wa boti anapomwambia apakie tena magunia kumi, ana nguvu gani ya kusema hapana? Jibu la maswali hayo lina historia ya zaidi ya miaka 140.

Neno lililotoka pwani

Neno nahodha lilifika kwenye maziwa haya pamoja na biashara. Asili yake ni Kifarsi: sehemu moja ina maana ya chombo cha majini, nyingine ina maana ya bwana. Nahodha ni bwana wa chombo. Katika Bahari ya Hindi mara nyingi mtu huyo alikuwa mwenye jahazi au mshiriki katika mali iliyopakiwa. Chombo kikizama, alipoteza roho, mali na jina kwa pamoja. Kwa hiyo alijua mwenyewe kiasi cha kupakia.

Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikaa Ujiji, upande wa mashariki wa ziwa Tanganyika, wakavuka mpaka ngambo ya Congo kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Walileta matanga na maneno ya bahari. Lakini maji yenyewe hawakuyafundishwa na bahari. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na milima inalibana pande zote mbili. Upepo wa kusini wa majira ya kiangazi unaweza kuinua mawimbi makubwa kwa saa chache. Waliojua wapi pa kukimbilia dhoruba ikija ni wenyeji wa mwambao, wavuvi na wapiga kasia.

Wageni waliotoka Ulaya waliwategemea hao hao. Livingstone na Stanley, Novemba 1871, walikwenda kaskazini mwa ziwa kwa mtumbwi uliopatikana Ujiji, wakiwa na wapiga kasia na viongozi wa njia, wakahakikisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron naye aliondoka Ujiji kwa maboti ya kuazima, akafuata mwambao mpaka mdomo wa mto Lukuga, pale ambapo Kalemie ipo sasa. Vitabu vimehifadhi majina ya wasafiri hao. Mtu aliyesimama mbele ya mtumbwi na kusema "hapa kuna mwamba" hakuandikwa.

Wageni wenye cheti, wenyeji wenye njia

Kwenye mto Congo mambo yalikwenda vile vile. Stanley alifikisha meli ndogo ya mvuke, En Avant, kwenye maji ya Pool, panapokaa Kinshasa leo, mwaka 1881. Baada yake Mkutano wa Berlin wa 1884-1885 ukatangaza kwamba mto Congo uwe wazi kwa meli za mataifa yote. Mto ulifunguliwa kwa karatasi kabla haujajulikana.

Mmisionari wa Kibaptisti, George Grenfell, alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuupima na kuuchora. Meli yake, Peace, ilijengwa Uingereza, ikafunguliwa vipande vipande, ikabebwa na wapagazi kupita maporomoko ya maji. Mafundi waliotumwa kuja kuiunganisha walikufa kwa homa. Mwishowe Grenfell aliiunganisha mwenyewe pamoja na Waafrika waliokuwa wakimsaidia, ikaingia majini mwaka 1884. Watu ambao hawakuwahi kuona mashine ya mvuke walijifunza kuiunga, kuiwasha na kuitunza kwa kuishika kwa mikono yao. Mmoja wa vijana waliosafiri na Grenfell ni Disasi Makulo, aliyekamatwa utumwani akiwa mtoto na kukombolewa na Stanley. Baadaye alisimulia maisha yake, na mwanawe akayaandika.

Mwaka 1890 akaja Mpoland mmoja, Józef Korzeniowski, ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kwa jina la mwandishi, Joseph Conrad. Yeye alikuwa na cheti. Mwaka 1886 alikuwa amefaulu mtihani wa unahodha wa meli za biashara za Uingereza. Kampuni ya Kibelgiji ilimchukua ili kujaza nafasi ya nahodha Mdenmark, Freiesleben, aliyeuawa Januari 1890 katika ugomvi na wanakijiji. Alipopanda meli Roi des Belges mwezi Agosti kwenda Stanley Falls, leo Kisangani, hakuwekwa nahodha siku ile ile. Alisafiri kwanza kama mwanafunzi, daftari mkononi, akiandika visiwa, mafungu ya mchanga, miti ya alama na magogo yaliyozama. Nahodha Koch alipougua, Conrad alipewa meli kwa muda katika safari ya kurudi. Mtu aliyevuka bahari kuu kwa miaka mingi alilazimika kuanza upya, kwa sababu cheti cha bahari hakimwambii mtu mchanga wa mto Congo umehamia wapi mwezi huu.

Katika meli zile, mbele kabisa walisimama wapimaji wa kina na fimbo ndefu, wakichovya maji na kupaza sauti kila mara. Nyuma yao alikuwa mshika usukani. Chini walikuwa watu wa moto na wakata kuni, maana meli zilikula kuni na usiku zilifunga kando ili kuni zikatwe. Kazi zote hizo zilifanywa na Waafrika. Amri ilikuwa ya Mzungu mwenye cheti. Hapo ndipo mgawanyiko ulipoanza: karatasi mkononi mwa mmoja, maarifa ya maji kichwani mwa mwingine.

Cheti cha Conrad kilitoka wapi

Ili kuelewa kilichokosekana Congo, inafaa kutazama kwa kifupi inchi iliyompa Conrad karatasi ile. Uingereza haikuanza na vyeti. Kwa muda mrefu tajiri wa meli alimpa usukani mtu aliyemtaka. Meli zilizama nyingi, na mwaka 1850 sheria ikalazimisha manahodha na wasaidizi wao katika meli za safari za mbali kufanya mtihani wa serikali.

Hata hivyo meli ziliendelea kuzama, kwa sababu mtihani haukumzuia tajiri kupakia kupita kiasi. Mabaharia walioona meli imelemewa wakakataa kupanda waliweza kufungwa jela kwa kuvunja mkataba. Mbunge Samuel Plimsoll alipigania jambo hilo kwa miaka, mpaka sheria ya 1876 ikaagiza kila meli ichorwe ubavuni mstari wa shehena: maji yakifika hapo, basi. Mwanzoni tajiri aliruhusiwa kuuchora mahali anapopenda. Ilichukua miaka mingine kabla serikali kuupanga yenyewe.

Funzo la historia hiyo ni hili. Nahodha anahitaji vitu viwili, siyo kimoja. Kwanza ujuzi uliopimwa. Pili kitu cha kuegemea anapomkatalia mwenye chombo: mstari ubavuni, na cheti ambacho tajiri hawezi kumpa wala kumnyang'anya. Congo ilipokea meli za Ulaya mapema sana. Vitu hivyo viwili, kwa vyombo vidogo, bado havijafika sehemu nyingi.

Shule ya meli kubwa

Chini ya Wabelgiji usafiri wa maji ulikusanywa katika makampuni makubwa. Upande wa mashariki, kampuni ya reli ya CFL, iliyoundwa 1902, ilifikisha njia yake Albertville, yaani Kalemie, mwaka 1915. Mwishoni mwa mwaka huo huo Waingereza walishusha ziwani, karibu na Lukuga, maboti mawili madogo ya vita, Mimi na Toutou, yaliyovutwa nchi kavu kupita Katanga, ili kupigana na meli za Wajerumani. Vita vilipokwisha, Wabelgiji walipewa na Waingereza, kwa mapatano ya 1921, haki ya kutumia sehemu ya bandari ya Kigoma. Meli zikafunga Albertville na Kigoma, na reli ikaendelea mpaka Dar es Salaam.

Kwenye mto, shirika la Otraco liliundwa 1935 kusimamia usafiri wa koloni. Lilikuwa na meli, bandari, karakana na hospitali. Ndani ya mashirika hayo mtu alijifunza kwa ngazi: kijana aliingia kama mtu wa sitaha, akawa mpimaji wa kina, akashika usukani chini ya macho ya mkubwa wake kwa miaka. Palikuwa na ramani za mto, alama kwenye kingo, maboya na daftari la kila meli. Mafunzo hayo yalikuwa ya kweli. Yalikuwa na kasoro mbili: cheo cha juu kilibaki kwa Mzungu, na shule yote ilikuwa ya meli ya kampuni. Mwenye mtumbwi na mwenye mashua ya matanga hawakuhesabiwa.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, na Wabelgiji wengi wakaondoka katika wiki zilizofuata, waliobaki kushika vyombo ni Wakongo waliokuwa wamejifunza kwa ngazi hizo. Walichokosa ni karatasi, siyo njia.

Serikali mpya ilijaribu kuweka utaratibu. Machi 1966 ilitoka sheria kubwa ya usafiri wa mito na maziwa, inayohusu usajili wa vyombo, ukaguzi na watu wa kuviongoza. Mwaka 1971 Otraco iligeuka Onatra, na mwaka huo huo ikaundwa Régie des Voies Fluviales, kwa jina fupi RVF, yenye kazi ya kupima mto, kuweka alama na kuchimba mchanga unaoziba njia. Mwaka 1974 reli na meli za ziwa Tanganyika zikaingia katika shirika jipya ambalo leo linaitwa SNCC. Kwa karatasi, nchi ilikuwa na kila kitu.

Balenyeri, chombo bila nyangumi

Kisha mashirika yenyewe yakaanguka. Zairianisation ya Novemba 1973, ukosefu wa vipuri, uporaji wa 1991 na 1993, vita vya 1996 na 1998. Toka 1998 mto ulikatwa katikati na mstari wa vita, Kinshasa na Kisangani hazikuonana kwa maji mpaka 2003. Meli kubwa zilioza kwenye bandari. Barabara nazo zilikuwa zimekufa.

Lakini watu hawakuacha kusafiri. Mahali pa meli kubwa pakachukuliwa na vyombo vya mbao vyenye mota, vinavyojengwa ufukweni na mafundi wa mbao: pirogi kubwa, maboti, na hasa balenyeri. Jina hilo ni la Kifaransa na lina historia ya kuchekesha kidogo. Balenyeri ni mashua ya kuwindia nyangumi. Wakoloni walileta mashua za namna hiyo, za chuma, katika siku za kwanza za mto. Nyangumi hakuna, mashua za chuma zimepita, jina limebaki kwenye chombo cha mbao kinachobeba mihogo, mbuzi, magodoro, pombe na watu mia au mia mbili.

Hapa ndipo historia ilipogeuka, na wachache waliona. Zamani wengi wa abiria walipanda meli ya shirika yenye nahodha aliyepita ngazi zote. Sasa wengi wao wanapanda chombo kidogo cha mtu binafsi, ambacho shule za zamani hazikukijua kamwe. Abiria walihama, shule haikuhama nao.

Sheria za dunia nazo haziwafikii. Mkataba mkubwa wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, uliopitishwa 1978, unahusu vyombo vya baharini. Vinavyobaki ndani ya mito na maziwa havimo. Baharia wa Matadi anaulizwa cheti kila bandari anayofika duniani. Mwenzake wa Idjwi au Fizi anategemea sheria ya nchi yake peke yake.

Anachojua na asichofundishwa

Si kweli kwamba nahodha wa boti ndogo hakusoma. Alisoma, ila shule yake haina ukuta. Anaanza akiwa kijana wa kukumba maji yanayoingia kati ya mbao. Anapanda kidogo, anafunga kamba, anapokea mizigo, anakusanya pesa za nauli. Kisha anajifunza mota: kusafisha plagi, kuchanganya mafuta, kubadilisha pini iliyokatika katikati ya mawimbi. Siku ziwa limetulia, mkubwa wake anamwachia usukani kwa saa moja. Baada ya miaka michache anakuwa nahodha.

Shule hiyo inafundisha vizuri mambo mengi. Anajua wingu la namna gani juu ya mlima linaleta upepo, rasi ipi ina mwamba chini ya maji, ufukwe upi unafaa kukimbilia. Maarifa hayo hayapatikani darasani, na mtu wa kutoka Kinshasa na cheti kipya angeyaomba kwake, kama Conrad alivyofanya.

Lakini kuna mambo ambayo mkubwa wake hakumfundisha, kwa kuwa naye hakufundishwa. La kwanza ni uzani. Chombo hakizami kwa sababu ya wingi wa mzigo tu. Kinapinduka kwa sababu mzigo uko juu mno. Magunia yakipangwa chini kabisa, chombo kikiinama kinajirudisha. Magunia yakijaa mpaka ukingoni, na watu wakaketi juu yake, uzito unapanda, na chombo kinachoinama hakirudi tena. Tena kila gunia linashusha ukingo karibu na maji, kwa hiyo wimbi dogo linatosha kuingia. Na hatari inaongezeka karibu na bandari, sababu pale ndipo abiria wanasimama wote pamoja na kusogea upande mmoja kutafuta mizigo na ndugu zao. Nahodha aliyefundishwa anawaambia wakae chini mpaka kamba ifungwe. Anajua kwamba dakika hizo za mwisho ni sehemu ya safari, siyo mwisho wake.

La pili ni sheria za kukutana majini. Vyombo viwili vyenye mota vikija uso kwa uso, kila kimoja kigeukie kuume. Usiku, taa nyekundu iko kushoto, ya kijani kuume. Anayeona zote mbili pamoja na nyeupe juu yake ajue chombo kinamjia moja kwa moja. Sheria hizo zinafundishika kwa asubuhi moja. Vyombo vingi vidogo havina taa hata moja, ndiyo maana serikali imekataza mara nyingi safari za usiku, na ndiyo maana amri hiyo inavunjwa mara nyingi: anayechelewa kupakia anachelewa kufika.

La tatu ni karatasi: hesabu ya abiria kwa majina kabla ya kuondoka. Bila orodha hiyo, ajali ikitokea, hakuna anayejua wangapi wa kutafutwa. Familia inabaki kukaa matanga bila mwili na bila uhakika.

La nne ni kuokoa: jinsi ya kumkaribia aliye majini bila kumkata na parafujo ya mota, jinsi ya kumrudishia pumzi, jinsi ya kuhakikisha jile zimevaliwa, hazikufungiwa kwenye gunia chini ya mihogo.

Cheti na nguvu ya kukataa

Kuna watu wanaosema cheti hakitabadilisha kitu, kwamba mtu atakinunua kama anavyonunua karatasi nyingine. Hofu hiyo ina msingi. Mwenye boti katika bandari ndogo anakutana na huduma nyingi, kila moja ina risiti yake, na nahodha amezoea kuona karatasi kama njia ya kumtoa pesa. Cheti kikija kwa sura hiyo, kitakuwa kodi nyingine tu, na mwisho wake nauli itapanda.

Hata hivyo fikiria asubuhi ya kawaida ufukweni. Boti imejaa. Tajiri ameona wateja wengine kumi na magunia yao, na kila gunia ni franka. Nahodha anaona ukingo umeshuka. Akikataa, kijana mwingine yuko pale pale, amekumba maji miaka miwili, anaweza kushika usukani na anatafuta kazi. Nahodha wa leo si bwana wa chombo kama neno lake linavyosema. Ni kibarua wa siku, analipwa kwa safari. Hatari ni yake, faida ni ya mwingine.

Kama sheria ingesema, na ikafuatwa, kwamba boti haiondoki bila mtu mwenye cheti, kijana yule asingeweza kuchukua nafasi asubuhi ile. Tajiri angelazimika kumsikiliza anayemhitaji. Na kama ubavuni mwa boti pangekuwa na mstari uliopigwa rangi, hata mama wa mboga angeona kwa macho yake na kusema yeye pia: maji yamefika, mimi sipandi. Ndivyo ilivyokuwa kwa mabaharia wa Uingereza miaka 150 iliyopita: waliookolewa na mstari hawakuwa wajinga wa bahari, walikuwa wanyonge mbele ya tajiri.

Shule iko mbali

Shule zipo. Mwaka 1999 Cameroun, Congo-Brazzaville, Afrika ya Kati na Congo-Kinshasa zilitia sahihi mapatano ya kuunda CICOS, tume ya pamoja ya bonde la Congo, Oubangui na Sangha, yenye makao Kinshasa. Chini yake kuna kituo cha mkoa cha mafunzo ya usafiri wa mito, hapo hapo Kinshasa. Kwa mto ni jambo jema.

Kwa mtu wa Kalehe, Idjwi, Baraka au Moba, Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500, na njia ya kawaida ya kufika ni ndege. Masomo ni kwa Kifaransa. Nahodha ambaye amefanya kazi miaka 15 na alimaliza darasa la nne la shule ya msingi hawezi kuacha familia yake miezi kadhaa kwenda kusoma lugha na ziwa kwa pamoja.

Kinachohitajika hapa ni kidogo kuliko chuo. Ni wiki mbili au tatu katika kila bandari kubwa ya ziwa, kwa Kiswahili, pamoja na Mashi, Kihavu au Kibembe pale inapofaa, na mtihani wa mdomo na wa vitendo kwa asiyesoma. Walimu wawe wa aina mbili: mmoja anayejua uzani, taa na sheria, mwingine nahodha mzee wa ziwa lile lile, alipwe kama mwalimu kamili. Mtahini asitoke kwa tajiri wa boti wala kwenye dawati linalopokea kodi. Na cheti kitaje chombo na maji: anayejua Kivu si lazima anajua Tanganyika.

Mambo haya si ya kuota. Vyama vya wenye maboti vipo katika bandari nyingi, na manahodha wenyewe wanafahamiana kwa majina toka Goma mpaka Uvira. Wazee waliopita ngazi za mashirika ya zamani bado wako, lakini umri umekwenda. Wale walioanza kazi wakiwa na miaka 20 mwaka wa uhuru sasa wana zaidi ya 80. Kila anayezikwa anakwenda na ramani ambayo haikuandikwa popote.

Wakati huo huo, kila alfajiri kule Kituku, Minova, Kalehe na Kalundu, kijana fulani anaachiwa usukani kwa mara ya kwanza. Amejifunza upepo na mota. Wa kumfundisha kuhesabu uzito, na wa kumtetea siku atakaposema boti imejaa, bado hajafika.